Senti za Ugoro Ndani ya Gari la Viazi

Kosa langu ni hili, na afadhali nilitaje mwenyewe kabla hujalisikia kwa majirani: nilichukua kisu cha jikoni nikakata kamba zote za nyanya yangu, moja baada ya nyingine, ili nijue kama pesa zake zingeingia garini. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nilikuwa nyumbani bila kazi, na kulikuwa na swali lililonikaa kichwani. Kijana wa namna hiyo hafai kuachwa peke yake na kisu.

Nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Cucu, aliuza ugoro sokoni Nyeri, upande wa Majengo, tangu kabla sijazaliwa. Ugoro wenyewe aliufunga kwa vipande vya jani kavu la mgomba, kila kifungo senti tano, na mnunuzi akiwa mzee wa maneno mazuri aliongezewa kidogo kwenye ncha ya kidole. Siku za mnada wa mbuzi alifika hata Doldol, kwa wafugaji ambao, kwa maneno yake, wananusa kwa adabu kuliko Wakristo wa kwetu. Mimi sikuwahi kumsindikiza. Si mtu wa safari mimi. Hata leo nikifika Majengo nikarudi, ninavua viatu na kulala kama mtu aliyetoka ng'ambo.

Senti tano za siku zile, zile za Afrika Mashariki kabla hatujapata pesa zetu wenyewe, zilikuwa na tundu katikati na pembe mbili za ndovu zimelizunguka. Cucu alizitunga kwa kamba za mkonge. Kila kamba ilikuwa na urefu wa kutoka kiwiko chake mpaka ncha ya kidole cha kati. Ikijaa anapiga fundo, anaitundika kwenye msumari ukutani mwa chumba chake. Misumari ilikuwa mikubwa, ile ya kupigilia boriti, na ilijipanga kutoka mlangoni kuelekea kitandani. Ukiingia mchana, jua likipita dirishani, ukuta mzima ulikuwa umevaa shaba.

Ngapi? Hilo hukuuliza. Kwetu mali ya mtu haihesabiwi. Mbuzi hawahesabiwi, watoto hawahesabiwi, na Cucu hakuona kwa nini senti zifanyiwe ubaya ambao mbuzi hafanyiwi. Nilipokuwa mdogo nilianza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, akanipiga mdomoni kwa mwiko wa uji. Yeye aliujua ukuta wake kwa kuutazama tu, jinsi unavyojua mtu wako amekonda bila kumpandisha kwenye mizani.

Alikuwa akitafuta ng'ombe. Si ng'ombe yeyote, bali wa gredi, wa kizungu mwenye maziwa mengi, aina ambayo zamani za mkoloni watu wetu hawakuruhusiwa kufuga, na baada ya Uhuru kila boma lilimwota. Mkulima mmoja wa Endarasha alikuwa naye, mwekundu, mwenye kiwele cha kukufanya uvue kofia, tayari anakamuliwa. Mkulima huyo alikuja kwetu, akanywa chai, akaingia chumbani akautazama ukuta kwa muda mrefu. Halafu akaweka kidole kwenye msumari wa sita.

"Mama, zikijaa mpaka hapa, ng'ombe ni yako."

Hakutaja shilingi hata moja. Cucu alimpenda kwa hilo kuliko alivyowahi kumpenda mkwe wake yeyote.

Basi msumari wa sita ulikuwa unakaribia kujaa redio iliposema kwamba pesa za zamani zina siku yake ya mwisho. Baada ya siku hiyo benki isingezipokea tena, zingebaki kuwa vipande vya chuma vyenye tundu. Watu walikimbia kubadilisha. Cucu akagoma. Hawezi kuushusha ukuta kabla haujajaa, akasema. Huwezi kuepua chungu maharagwe yakiwa magumu. Msumari wa sita ulijaa ikiwa imebaki siku mbili benki ifunge hesabu ya pesa za zamani.

Nani angezibeba? Jirani yetu mmoja alikuwa na gari. Alikuwa mtu wa upande wa Meru aliyeoa kwetu, na aliongea nasi Kiswahili kwa sababu Kimeru chake tulikicheka. Kazi yake ilikuwa kununua viazi Endarasha na kuviuza Nyeri, na gari lake, ambalo zamani lilikuwa la kubeba watu waliovaa tai, alikuwa ameling'oa kiti cha nyuma ili lipokee magunia. Cucu alinituma kwake. Nilimkuta ameinama chini ya boneti.

"Mzee, Cucu anaomba umpeleke benki kesho kutwa, yeye na senti zake."

"Itaingia?"

"Nini?"

"Hiyo mali ya mama. Kesho kutwa niko na viazi, hiyo gari itajaa mpaka kwa shingo yangu. Niambie ni debe ngapi, nitaacha nafasi."

"Ni misumari sita."

Akatoa kichwa nje. "Gari yangu haijui misumari. Inajua debe. Wewe si ndio Fomu Foo? Enda upime."

Niliyachukua maneno hayo kama mtu aliyepewa cheo. Nilirudi nyumbani nikakaa juu ya kigoda mbele ya ukuta ule asubuhi nzima. Sijui kama umewahi kutazama kitu ulichozoea ukitaka kujua kinajaza nafasi gani. Kinabadilika. Kamba zilizokuwa pambo zikawa mzigo. Mara nilipopepesa jicho niliuona ukuta kama magunia matatu, mara kama kapu moja la sokoni. Nilinyoosha mikono nikaupima kwa pima. Nikazunguka nje kuutazama kwa dirishani, eti pengine ungeonekana mdogo kutoka kule.

Mwishoni nikaleta debe, lile tunalopimia mahindi, nikaanza kushusha kamba na kuziweka ndani. Zikajikunja kama nyoka wanaotafuta joto. Nikizipanga vizuri zinaingia nyingi, nikizitupa zinaingia chache, na nikilitikisa debe ninapata jibu la tatu. Kwa kukadiria, zote zingehitaji nafasi ya madebe manne. Hapo ningeweza kusimama, kwenda kwa jirani, kumwambia "manne," naye angeacha gunia mbili Endarasha bila kununa. Lakini jibu lile liliniudhi. Madebe manne ya nini? Ya senti, au ya nafasi kati ya senti? Niliona kwa macho yangu kwamba nusu ya debe haikuwa na kitu.

Cucu alikuwa mlangoni anatwanga tumbaku.

"Cucu, humu ndani kuna hewa nyingi."

"Hewa gani?"

"Kati ya kamba na kamba. Tukizipeleka hivi, tunailipia hewa nauli."

"Kumbe miaka hii yote nimeuza ugoro nikatundika hewa."

"Tukikata kamba, senti zitalala pamoja. Tutajua kipimo chenyewe."

Aliacha kutwanga. Kwa kuwa nilipewa jina la babu, mume wake, Cucu aliniita mume wangu, kama nyanya wa kwetu wanavyofanya, na cheo hicho alikitumia kunituma maji na kunisema mbele za watu.

"Wewe ndiye mume," akasema. "Lakini yule wa kwanza hakuwahi kushika kisu karibu na kitu changu."

Nikakata.

Senti zilishuka juu ya gunia nililotandika sakafuni, na kwa muda sikufikiria ng'ombe, wala gari, wala benki. Mahindi ukiyamwaga yanasimama, yanafanya kilima chenye ncha. Senti hazikubali. Kila nilipodhani kilima kimesimama, kilipumua, kikaporomoka ubavu mmoja, kikaenea. Lundo halikufika hata magotini mwangu, lakini lilitambaa mpaka chini ya kitanda na kufukuza kuku. Ukipenyeza mkono ndani lilikuwa baridi hadi kiwikoni. Na ugoro! Miaka yote ya vidole vyenye ugoro ilikuwa imelala ndani ya matundu yale, na sasa ilitoka kwa pamoja. Nilipiga chafya mpaka nikaona nyota. Cucu, ambaye pua yake ilikwisha kuzoea, alikaa ananitazama kama sinema.

Nilipomaliza kujaza, yalikuwa madebe mawili na mkebe mmoja wa mafuta ya kupikia. Nikafurahi, nikapiga makofi. Nusu! Nilikuwa nimeokoa nafasi ya gunia zima la viazi.

Cucu alitazama misumari mitupu. Akatazama madebe. Akatazama misumari tena.

"Zingine ziko wapi?"

"Zote ni hizo."

"Ukuta wangu umeingia hapo?"

"Ukuta ulikuwa hewa, Cucu."

Aliliinamia debe jinsi mtu anavyochungulia chungu cha jirani, asijue kilichopikwa. Nilimpa jirani kipimo chake cha debe, na kumbe kipimo cha Cucu nilikuwa nimekifagia pamoja na vipande vya mkonge. Jambo hilo nililielewa baadaye. Siku ile nilikwenda mbio kutangaza jibu.

Siku ya mwisho, alfajiri, jirani alileta gari limejaa viazi, ila pembe moja nyuma ya kiti chake aliyoiacha wazi, ya madebe mawili barabara. Tukashika debe la kwanza, yeye upande huu na mimi upande ule. Halikunyanyuka. Tukavuta, mkono wa debe ukang'oka, akabaki nao kama mtu aliyepewa bangili.

"Hii ni kubeba kanisa," akasema.

"Gari litaweza?"

"Uzito si neno. Nimebeba mashemeji watatu wanene kwa hii gari, na walikuwa wameshiba. Shida ni kuiingiza."

Tulijaribu gunia, likapasuka mlangoni. Hapo nikatoa shauri la pili, maana mtu aliyepatia mara moja hanyamazi. Nilisema tuzichote kwa mkebe, tuzimwage garini hivyo hivyo, kama mahindi yanavyomwagwa kwenye lori. Nilichora mstari kwa mkaa kwenye ubao wa pembeni: zitafika hapa. Tukachota, tukamwaga, tukachota, tukamwaga, jirani akipiga chafya kwa Kimeru. Mkebe wa mwisho ulipoingia, senti zilikuwa zimegusa mstari wa mkaa, si juu wala chini.

Nilimwita jirani aje aone. Akaja, akaona, akasema, "Sawa," akaenda kunywa chai. Sijawahi kuwa sahihi namna ile tena maishani mwangu.

Njiani Cucu alikaa mbele, ameshika kikapu kitupu cha kuwekea noti. Mimi nililala juu ya magunia, uso karibu na paa, nikisikiliza mali yetu ikijipanga upya kila kona. Nilikuwa nikijiuliza kama ingefika Nyeri ikiwa imeshuka chini ya mstari, kwa jinsi inavyotikiswa. Ilishuka. Upana wa kidole. Nilidhani zimelala vizuri zaidi.

Nje ya benki foleni ilikuwa imezunguka jengo. Na hapo, kabla hata gari halijasimama, niliona kitu kilichonifanya nitamani kujificha chini ya viazi. Watu wote kwenye foleni walikuwa wamevaa senti zao. Kina mama walizitundika shingoni. Mzee mmoja alizivaa begani kama mkanda wa risasi. Kamba, kamba, kamba, za mkonge, za katani, hata za kiatu. Sisi peke yetu tulikuja na lundo.

Tulisimama foleni na mkebe mmoja wa kwanza. Tulipofika dirishani, karani alichungulia ndani ya mkebe.

"Za tundu tunachukua zikiwa kwa kamba, mama. Mia, mia. Saa hii hakuna mtu wa kukuhesabia. Nani alizitoa kwa kamba?"

Cucu alinielekezea kidevu. "Mume wangu."

Karani alinitazama mimi, akamtazama yeye, nywele zake nyeupe chini ya kitambaa.

"Pole sana, mama," akasema.

Tukarudi kwenye gari. Jirani alishusha viazi vyake, akatupatia gunia moja kuukuu tulifumue tupate nyuzi. Tulikaa ukutani mwa benki tukatunga. Kuhesabu mia mia kulikuwa lazima, na Cucu hakutaka kusikia, basi aligeuka akatazama barabara, akatunga bila kuangalia, nami nikahesabu upande wangu kwa Kiingereza na kwa kunong'ona, ili kama kuna balaa lisijue tunazungumza mambo ya nani. Wanawake wawili waliokwisha kubadilisha zao walituonea huruma wakaketi nasi. Dakika chache baadaye nao walikuwa wanapiga chafya. Askari wa mlangoni alipiga chafya. Mtoto wa mtu alipiga chafya mgongoni mwa mama yake akaangua kilio.

"Hizi pesa ziko na homa," mwanamke mmoja akasema.

"Ni ugoro tu, dada," Cucu akajibu. "Ukitaka wa kufunga, nitakuuzia."

Akamwuzia, wallahi. Senti tano. Akaitunga.

Tuliendelea hivyo, kamba zikijaa Cucu anaziingiza, anarudi na noti kikapuni, anageuka tena kutazama barabara. Nyuzi za gunia zilikatikakatika. Tukirudia fundo, jua linasogea. Na lundo lilipopungua garini nikagundua ni kwa nini lilikuwa limeshuka upana wa kidole. Sakafu ya nyuma ya gari ilikuwa imeliwa na kutu zamani, na jirani alikuwa ameiziba kwa madebe yaliyonyooshwa na kupigiliwa misumari. Pembeni kulikuwa na mwanya. Senti zilikuwa zimeteleza chini ya bati safari nzima, na nyingine zilikuwa bado zinateleza kila tulipochota. Nilizisikia. Nilipenyeza kijiko, nikatoa nne.

"Mzee, tung'oe hii bati."

"Hiyo bati ndio gari," jirani akasema. "Ukiitoa, tutarudi nyumbani tukiibeba kwa kichwa."

"Lakini ni pesa ya Cucu."

"Na ni gari ya nani?"

Cucu alituambia tunyamaze tutunge. Tukatunga. Tulikuwa na mikebe kadhaa mbele yetu, na kamba iliyofika nusu mikononi mwangu, askari alipoanza kuvuta mlango. Cucu aliinuka na kamba tatu zilizokuwa tayari. Askari alimwacha apite kwa ubavu, kisha akafunga. Ndizo zilikuwa za mwisho. Kilichobaki nje pamoja nasi, na kilichobaki chini ya bati, kilikuwa chuma.

Tukirudi, tukapita mto. Ndipo Cucu akazungumza, akiwa anatazama mbele.

"Mume wangu wa kwanza alikunywa pesa zangu kwa pombe. Huyu amezinywa kwa hesabu. Afadhali yule. Alikuwa anaimba."

Jirani alicheka mpaka gari likayumba. Nami nilicheka, juu ya magunia matupu, kwa sababu kulia kungenipigisha chafya.

Wiki ile Cucu alikwenda Endarasha na kikapu chake cha noti. Mkulima alizishika, akazipima mkononi, akatikisa kichwa kwa upole. "Mama, hii imefika msumari wa nne." Alikuwa mtu mzuri, hakumfukuza. Yule mwekundu wa kukamuliwa alibaki naye, akampa Cucu mtamba, binti wa ng'ombe yule yule, asiyewahi kuona dume. Maziwa yangekuja, ila Cucu alipaswa kungoja, na umri wake haukuwa wa kungojangoja.

Mtamba alipofika, majirani walikuja kumtazama, kama desturi ilivyo. Walimsifu pua, wakamsifu mgongo, hakuna aliyeuliza bei. Cucu alimpaka ugoro kidogo nyuma ya sikio, akidai ni dawa ya kupe. Mimi nilijiweka mbele nikaeleza, bila kuulizwa, kwamba ukitazama kwa makini mtamba ni faida kubwa kuliko ng'ombe mzima, maana ana miaka mingi zaidi mbele yake, na kwamba ninaweza kukadiria ni lita ngapi.

Jirani wa viazi alikuwa ameegemea ua, mikono juu ya mti. Alimtazama mtamba kuanzia pembe mpaka mkia, akanitazama mimi.

"Fomu Foo," akasema, "hiyo ni ng'ombe nusu. Ile nusu ya maziwa iko chini ya bati yangu, na haikamuliki."